Daftari Letu na Kompyuta za Kukodi

Hotuba ya Idara ya Hesabu na Kumbukumbu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa wanachama katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika



Katika siku kama ya leo watu hupenda kusikia habari za maghala yaliyojengwa na magunia yaliyouzwa, na habari hizo mmekwisha kuzisikia kwa wasemaji waliotutangulia. Sisi wa Idara ya Hesabu na Kumbukumbu tumepewa nafasi ya kunena juu ya kitu kisichoonekana ghalani wala mnadani, ambacho lakini bila yake hapana mkulima hata mmoja angelipwa haki yake. Kitu hicho ni daftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu la leo halimo tena katika karatasi; limo ndani ya programu ya kompyuta iliyoandikwa wakati Chama kilipoanza, nayo imezeeka pamoja nasi. Mkutano huu utaombwa kuamua kama daftari hilo litolewe katika seva iliyomo chumba cha nyuma cha ofisi yetu, lipelekwe katika kompyuta za kukodi ambazo watu wamezoea kuziita wingu. Gharama ya jambo hilo, iwe ndogo au kubwa, itatoka katika makato ya kila kilo ya korosho. Kwa hiyo ni haki yenu kujua mnaombwa kukubali nini, na kwa sharti gani.

UZITO WA MSIMU

Kabla ya kusema habari za kuhama, yafaa tueleze kazi ya daftari lenyewe. Mkulima afikishapo korosho zake katika chama cha msingi, karani huzipima, hutazama daraja lake, na kumwandikia stakabadhi. Magunia yakifika ghala kuu hupimwa tena, na stakabadhi ya ghala hutolewa. Kisha huja mnada. Na baada ya mnada programu hufanya kazi iliyo nzito kuliko zote. Huchukua bei iliyopatikana, huizidisha kwa kilo za kila mkulima, huondoa makato yaliyoidhinishwa, kisha huandika orodha ya malipo ya kupelekwa benki.

Kazi hiyo hailingani mwaka mzima. Msimu hufunguliwa mwezi Oktoba, na katika majuma machache stakabadhi humiminika kama mto uliofurika. Msimu ukiisha, seva ileile hukaa karibu bure, ikila umeme na kutaka matunzo. Mtu anunuaye kompyuta yake mwenyewe hana budi kununua iliyo kubwa ya kutosha kwa usiku mmoja ulio mzito kuliko yote katika mwaka, kisha kuigharimia kwa siku zote 365. Ni sawasawa na chama kununua malori ya kutosha kwa juma la kilele, halafu kuyaegesha chini ya mwembe mpaka msimu mwingine.

Tena, katika usiku ule mzito, programu yetu hulemewa. Orodha ya malipo huanza kuandikwa jioni, na pengine asubuhi karani huikuta haijakwisha. Orodha ikichelewa kufika benki, mkulima huchelewa kulipwa. Na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa au mgonjwa wa kupeleka hospitali hawezi kungoja sana. Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba amfuatapo nyumbani na fedha mkononi, akanunua kwa kipimo cha hila na kwa bei ya chini. Basi asidhani mtu kwamba wepesi wa programu ni jambo la makarani peke yao. Saa zinazopotea katika chumba cha kompyuta huonekana katika bei anayoipata mkulima shambani.

KUKODI KOMPYUTA SI JAMBO GENI

Jina la wingu limewafanya wengi wadhani kwamba ni uchawi mpya. Sivyo. Wingu ni majumba makubwa yenye maelfu ya kompyuta, ambazo mwenyewe huzikodisha kwa saa na hata kwa sekunde, na mkodi huzifikia kwa njia ya intaneti. Kukodi kompyuta ya mtu mwingine ni desturi ya zamani. Kampuni ya J. Lyons ya London, iliyokuwa mashuhuri kwa chai na mikahawa yake, ilitengeneza kompyuta iliyoitwa LEO, na mwezi Novemba 1951 ikaanza kuitumia katika hesabu za mikate na keki zake. Katikati ya miaka ya 1950 wenye kompyuta hiyo walikuwa wakikokotoa pia mishahara ya wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford kilichoko Dagenham. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John McCarthy, alisema hadharani kwamba huenda siku moja nguvu ya kompyuta ikatolewa kwa watu wote kama simu inavyotolewa, kila mtu akilipa kadiri alivyotumia.

Siku hiyo ilifika. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha kompyuta kwa senti 10 za dola kwa saa moja. Kwetu jambo hilo lilikuwa gumu kulifikia, kwa kuwa mawasiliano yetu na nchi za mbali yalitegemea sana setilaiti. Mwaka 2009 waya wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Kisha majumba ya kompyuta yenyewe yakasogea karibu: Microsoft walifungua ya kwao Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Njia ipo, basi. Linalobaki ni kuuliza kama njia hiyo yatufaa, na mzigo wetu uendeje.

HESABU YENYEWE

Na tufanye hesabu ya mfano. Bei tutakayoitaja tumeibuni ili mambo yaeleweke. Si bei ya mtu yeyote. Tuseme kompyuta moja ya kukodi hutozwa shilingi 500 kwa saa. Tuseme tena kwamba katika kilele cha msimu tunahitaji kompyuta 8, na siku nyingine zote kompyuta 1 yatosha.

Tukizikodi kompyuta zote 8 na kuziacha zikiwaka mwaka mzima, mwaka una saa 8,760; mara 8 ni saa 70,080; nazo kwa shilingi 500 ni shilingi 35,040,000. Lakini tukiacha kompyuta 1 iwake mwaka mzima, na zile 7 tukaziwasha katika majuma 12 ya kilele tu, siku 6 za juma, saa 12 kwa siku, hesabu hubadilika. Kompyuta ile 1 itatumia saa 8,760. Zile 7 zitatumia saa 864 kila moja, yaani saa 6,048 kwa jumla. Zote pamoja ni saa 14,808, na malipo ni shilingi 7,404,000. Tofauti ni shilingi 27,636,000, na kazi iliyofanyika ni ileile.

Angalieni vizuri hesabu hiyo, kwa maana ndiyo kiini cha hotuba yetu. Kompyuta ni zilezile na bei kwa saa ni ileile. Shilingi hizo zimeokolewa na mkono uliozima kompyuta zisizo na kazi. Wingu ni mizani inayohesabu usiku na mchana: humfaa anayepima, na humfilisi anayeacha taa zikiwaka. Wale wanaohubiri kwamba kuhamia wingu hupunguza gharama hawajasema neno lote. Hupunguza gharama kwa yule ambaye kazi yake hupanda na kushuka, na ambaye programu yake yaweza kupanda na kushuka pamoja na kazi.

Wako ambao kazi yao hailingani na yetu, nao wameamua kinyume, wala hatuwezi kuwalaumu. Kampuni ya programu ya Marekani iitwayo 37signals ilitangaza mwaka 2022 kwamba itaacha kukodi. Gharama yao ya wingu kwa mwaka huo ilikuwa zaidi ya dola milioni 3.2, ilhali kazi yao ilikuwa tulivu na yenye kukadirika. Mwaka uliofuata walinunua seva zao wenyewe. Mwenye mzigo uleule kila siku hununua lori lake. Mwenye mzigo wa msimu hukodi. Sisi wakulima wa korosho ni watu wa msimu.

KWA NINI PROGRAMU KONGWE HAIPUNGUI WALA HAIONGEZEKI

Hapa huja swali ambalo wajumbe kadhaa wa Bodi wametuuliza: ikiwa ni hivyo, mbona tusiibebe programu kama ilivyo, tukaiweka huko kesho? Jibu ni kwamba programu kongwe ikibebwa kama ilivyo huenda huko na tabia zake zote za kale, na tabia hizo ndizo zinazokula fedha.

Tabia ya kwanza ni kuweka kumbukumbu tumboni. Programu yetu iliandikwa kwa kudhani kwamba itakaa daima katika kompyuta moja. Orodha iliyoanza kuandikwa, jina la karani aliyeingia, nambari ya stakabadhi itakayofuata, vyote huviweka ndani ya kompyuta ileile. Ukiwasha kompyuta ya pili, ya pili haijui yaliyo katika ya kwanza, kama makarani wawili wenye daftari mbili wakihudumia foleni moja. Haitachukua muda kabla ya stakabadhi mbili kupewa nambari moja. Programu ya namna hiyo ikilemewa, dawa yake ni moja tu, nayo ni kukodi kompyuta iliyo kubwa zaidi. Nayo mara nyingi hubaki kukodiwa kwa ukubwa uleule hata msimu ukiisha, kwa kuwa kuibadilisha kunataka kazi isimame. Tiba ya kweli ni kuyatoa yale yaliyo tumboni na kuyaweka katika daftari kuu moja ambalo kompyuta zote hulisoma na kuliandika.

Tabia ya pili ni kufanya kazi moja baada ya nyingine pasipo sababu. Orodha ya malipo huandikwa mkulima mmoja mmoja, tangu chama cha msingi cha kwanza hadi cha mwisho. Lakini hesabu ya chama kimoja haitegemei hesabu ya jirani yake. Kazi hiyo yaweza kugawanywa mafungu, kila fungu likawekwa katika foleni, na kompyuta 8 zikachukua mafungu kwa zamu, kila moja ikimaliza lake na kuchukua jingine. Kazi ikiisha, zile 7 huzimwa. Hapo ndipo zile saa 6,048 za mfano wetu zinapopatikana.

Tabia ya tatu ni udaku. Programu iliyokaa chumba kimoja na daftari lake huzoea kuuliza maswali madogomadogo mengi, kwa kuwa jibu hupatikana mara moja. Tuseme programu imebaki ofisini kwetu, na daftari limepelekwa Cape Town, na kila swali huchukua sehemu ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi. Stakabadhi moja yenye maswali 50 itamngojesha karani sekunde 5, na foleni ya wakulima itafika barabarani. Kwa sababu hiyo programu na daftari lake hapana budi wahame pamoja, na maswali yapunguzwe kwa kuulizwa kwa mkupuo.

Tabia ya nne ni leseni. Baadhi ya programu za daftari kuu hulipiwa kwa kadiri ya nguvu ya kompyuta zinamowekwa. Ukiongeza kompyuta, waongeza leseni, na pengine leseni hupita gharama ya kompyuta zenyewe. Iko dawa. Programu ya PostgreSQL, ambayo asili yake ni kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, hutumiwa bila kulipia leseni, nayo inatumika katika makampuni makubwa na madogo duniani kote. Kuhamia huko kunataka kazi na majaribio, lakini ni kazi ya mara moja, ilhali leseni hurudi kila mwaka.

WALIOTUTANGULIA

Yafaa kuwatazama waliopita njia hii. Kampuni ya Netflix ya Marekani ilipatwa na hitilafu katika daftari lake kuu mwezi Agosti 2008, ikashindwa kupelekea wateja wake filamu kwa siku tatu. Ikaamua kuhamia kompyuta za kukodi. Wengi wangedhani kampuni yenye fedha na mafundi wengi namna hiyo ingemaliza kwa miezi michache. Ilimaliza mwezi Januari 2016. Walichagua kuandika upya karibu kazi zao zote badala ya kuzibeba kama zilivyo, wakahamisha kazi moja baada ya nyingine, na hesabu za malipo ya wateja walizifanya miongoni mwa za mwisho kabisa.

Benki ya TSB ya Uingereza ilishika njia nyingine. Mwezi Aprili 2018 ilihamisha hesabu za wateja zaidi ya milioni 5 kutoka katika mfumo wa zamani hadi mfumo mpya, mwishoni mwa juma moja. Hesabu zenyewe zilihamishwa, lakini mfumo mpya ulielemewa, na wateja wapatao milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kuzifikia akaunti zao. Mwezi Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki wa nchi hiyo waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Benki hupona faini. Chama cha wakulima, kikishindwa kulipa katika mwezi wa Novemba, hakitapata tena magunia ya wanachama wake katika Desemba.

MFANO WA SHAMBANI

Ndugu wanachama, jambo hili ninyi mmelijua kabla yetu. Mkulima mwenye mikorosho iliyozeeka, isiyozaa kama zamani, hang'oi shamba zima kwa siku moja na kungoja miche. Huchagua mistari michache, hukata miti yake, huacha machipukizi yatoke katika kisiki, kisha hubebesha kikonyo cha mti bora. Mizizi ya zamani, iliyokwisha kwenda chini sana, hulisha tawi jipya. Mistari iliyobaki huendelea kuzaa na kulisha nyumba. Mwaka unaofuata huchukua mistari mingine. Wataalamu wa kompyuta nao hutumia mfano wa mti: mwaka 2004 Martin Fowler, Mwingereza, aliifananisha kazi hii na mti wa jamii ya mkuyu aliouona Australia, unaoota juu ya mti mwingine na kuuzunguka kidogo kidogo mpaka kuchukua nafasi yake. Sisi twaona mfano wa kubebesha ni bora, maana katika kubebesha mizizi haifi.

Na mizizi ya programu yetu ina thamani. Ndani yake yamelala maamuzi ya mikutano yenu ya miaka 10: makato gani yaanze kuondolewa na gani yafuate, senti za mwisho zifanyweje, mkulima aliyefariki hulipwa kwa jina la nani. Baadhi ya maamuzi hayo yameandikwa katika mihtasari, na mengine yamo katika programu tu. Mtu akija na programu mpya ing'aayo, akasema ile ya zamani itupwe, na tumjibu kwa maneno ya wazee: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwanza kila kanuni iliyomo itolewe, iandikwe kwa Kiswahili, isomwe mbele ya Bodi, ndipo ibebeshwe penginepo.

Kwa kufuata njia hiyo, Idara yapendekeza zamu tatu. Zamu ya kwanza ni kumbukumbu za misimu iliyopita. Hizo hazibadiliki, hutazamwa mara chache, na wenye wingu wana hifadhi ya bei nafuu kwa vitu vya namna hiyo, kama ghala la mbali: kuweka ni rahisi, kutoa huchukua muda na hutozwa. Zamu ya pili ni orodha ya malipo, ambayo ndiyo yenye kilele. Kwa msimu mmoja mzima orodha iandikwe mara mbili, katika seva ya zamani na katika kompyuta za kukodi, na isipelekwe benki mpaka orodha hizo mbili zilingane hadi shilingi ya mwisho. Zamu ya tatu, na ya mwisho, ni stakabadhi za mapokezi, kwa kuwa hapo ndipo mkulima anaposimama mbele ya mizani, wala hapafai kufanyiwa majaribio.

TAHADHARI KABLA YA HATARI

Wahenga walisema pia kwamba cha kuazima hakistiri maungo. Anayekodi hana budi kujua mahali ambapo nguo ya kukodi ni fupi.

Kwanza, waya hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi jirani. Laiti jambo hilo lingetokea Novemba, na mizani zetu zote zikawa zategemea Cape Town, wakulima wangelala barabarani na magunia yao. Kwa hiyo kila chama cha msingi hapana budi kiweze kupima na kuandika stakabadhi hata mtandao ukiwa umekufa, kila chama kikiwa na fungu lake la nambari, na stakabadhi zipelekwe katika daftari kuu mtandao urudipo.

Pili, ankara za wingu aghalabu huandikwa kwa dola. Shilingi ikishuka, ankara hupanda pasipo sisi kuongeza saa hata moja. Bajeti iwe na akiba kwa ajili hiyo.

Tatu, kuingia ni rahisi kuliko kutoka. Kupeleka kumbukumbu wingu kwa kawaida hakutozwi, na kuzitoa hutozwa kwa wingi wake. Mwaka 2024 Google na Amazon walitangaza kwamba hawatamtoza mteja anayehama moja kwa moja. Walakini matumizi ya kila siku yangali yanatozwa. Chama kiwe na nakala yake cha kumbukumbu zote, mahali pengine, katika namna inayosomeka na programu yoyote, na nakala hiyo ijaribiwe kufunguliwa kila robo ya mwaka.

Nne, majina, akaunti za benki na mashamba yenu ni siri yenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kuhifadhi taarifa za watu na kuzipeleka nje ya nchi. Mkataba wowote utiwao saini bila kutimiza masharti hayo utatuingiza mashakani.

Tano, ankara isiyo na msomaji hunenepa. Kompyuta ya majaribio iliyosahauliwa ikiwaka yatozwa sawa na iliyo kazini. Kila kompyuta iandikwe jina la kazi yake na jina la mtu anayeijibia. Kengele iwekwe ya kumjulisha Mhasibu matumizi yanapofika nusu ya bajeti ya mwezi. Na ile kompyuta 1 ya mwaka mzima ikodiwe kwa mkataba wa mwaka 1 au miaka 3, kwa kuwa wenye wingu humpunguzia bei anayeahidi kukaa. Zile za kilele zisifungwe kwa mkataba huo.

TUNAYOOMBA

Bwana Mwenyekiti, tunaomba Mkutano huu mambo manne. Tunaomba kwamba msimu ujao upimwe kwanza: kila juma iandikwe programu imefanya kazi saa ngapi na kwa uzito gani, kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, kwa sababu asiyejua uzito wa mzigo wake hulipishwa na mwenye lori apendavyo. Tunaomba kwamba uhamaji ufanywe kwa zamu tatu tulizozieleza, na seva ya zamani isizimwe mpaka msimu mmoja kamili upite bila tofauti hata ya shilingi. Tunaomba kwamba vijana wawili wa vyama vya msingi wafundishwe kazi hii, ili ujuzi wa daftari letu usibaki kwa mkandarasi peke yake. Na tunaomba kwamba ankara ya wingu isomwe katika kila Mkutano Mkuu pamoja na saa zilizotumika, kama vile gharama za magunia na za malori zisomwavyo, na mwanachama yeyote awe na haki ya kuuliza kwa nini kompyuta fulani iliwaka mwezi wa Juni.

Wajumbe watakaosema kwamba mambo haya yanachelewesha, tunawajibu kwa heshima kwamba mwenda pole hajikwai. Wale watakaosema seva ya zamani yatosha, tunawaomba wakumbuke foleni ya malipo na mnunuzi wa kangomba aliyesimama mlangoni. Kati ya haraka na uzembe iko njia ya mkulima mwema, ambaye hukata mstari mmoja, hubebesha, hungoja uzae, kisha huenda mstari wa pili.

Vyama vya ushirika katika nchi yetu vimepita mengi. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kiliandikishwa mwaka 1933. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Majengo yalibadilika, sheria zikabadilika, na mazao yakapanda na kushuka bei. Jambo ambalo mwanachama hajaacha kulidai katika miaka yote hiyo ni moja: kilo zake zilizoandikwa na fedha alizolipwa zipatane. Tukihamisha daftari letu, na tulihamishe kwa namna ambayo mwanachama akija na stakabadhi yake mkononi atakuta jina lake, kilo zake na shilingi zake mahali pake, kwa gharama anayoweza kuiona na kuihoji.



Ushirika ni nguvu.